Machozi ya Fidelia Yaliyouza Magodoro

"Hivi Fidelia, huyo mchumba wako anakuoa wewe au anaoa wasikilizaji?"

Bertila, jirani yake pale Mahongole, aliwahi kumuuliza hivyo, Fidelia akacheka tu. Obed wake alikuwa afisa masoko wa redio moja Njombe mjini, kijana wa kwaya, mwenye mdomo wa kumuuzia hata Mkinga, mfanyabiashara wa kuzaliwa.

Lakini asubuhi hii hakucheka. Akiwa dukani kwake stendi ya Makambako akipima vitambaa, alisikia redioni sauti yake mwenyewe ikilia:

"Mama ungekuwepo... ungeniona nikivaa shela..."

Mara muziki, na mtangazaji akadakia: "Dada, usilie! Lalia godoro laini!"

Madereva wa malori waliokuwa wakinywa chai jirani wakaangua kicheko, chai ikawapalia.

Fidelia aliweka kitambaa chini. Maneno yale aliyasema makaburini, siku alipompeleka Obed kumwonyesha alipolala mama yake. Akamtumia ujumbe: "Obed, hiyo sauti umeitoa wapi?"

Jibu likaja: "Umesikia mpenzi! Simu hazikatiki huku. Nanukia umeneja. Njoo tufurahi!"

Akafunga duka, akapanda basi. Alimkuta Obed ofisini, tai shingoni.

"Karibu, nyota wa redio!"

"Ulinirekodi kaburini?"

"Simu ilikuwa mfukoni, Fide. Punguza sauti, wenzangu wanasikia."

"Leo ndiyo unaogopa watu kusikia sauti yangu?"

"Nielewe. Mwenye magodoro alisema matangazo yetu hayagusi moyo, anahamia redio nyingine. Nimetembeza matangazo duka kwa duka, mvua ikininyeshea. Umeneja huu ni wa nyumba yetu."

"Mama yangu si mtaji wako."

"Marehemu hasikii."

"Mungu anasikia. Liondoe tangazo hilo, Obed. Ingia studio, uniombe radhi mbele ya walewale walionicheka. Ukifanya hivyo, Jumapili mchungaji akitangaza ndoa yetu mara ya tatu, nitakuwepo."

Obed alilegeza tai. Simu ikaita.

"Usipokee. Nijibu mimi kwanza."

"Ndiye mwenye magodoro, mpenzi. Nakuja sasa hivi."

Akapokea, sauti ikageuka asali:

"Shikamoo mkurugenzi! Ndiyo, lile lile... Lirudiwe mwezi mzima? Hakuna shida! Binti mwenyewe ninaye hapa, amefurahi mno!"

Akamkonyeza Fidelia, akimpa simu asalimie.

Fidelia hakuipokea. Alijifunga kitenge chake vizuri, akafungua mlango, akatoka.