Mstari wa Santa

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1998, saa tisa alasiri. Mvua ilikuwa inanyesha Jinja, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi nikishona pindo la joho la kwaya. Hapo ndipo mambo yalipogeuka katika nyumba ya mdogo wangu Semei. Nataja siku na saa kwa sababu wengi wameisimulia habari hii, na wengi wao hawakuwapo. Mimi nilikuwapo. Mungu anisaidie niiseme polepole, bila kuongeza.

Semei alipiga tarumbeta katika bendi ya magereza mpaka alipostaafu, kisha akapanga nyumba ndogo upande wa Kimaka, huko huko Jinja. Sisi ni Wagisu, kwetu ni Mbale. Mke wake, Santa, alikuwa Mwacholi. Yeye hakujua Kigisu, Semei hakujua Kiacholi, kwa hiyo Kiswahili cha kambini ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yao. Waligombana kwa hicho, wakapatana kwa hicho. Majirani Wasoga waliwacheka, wakisema nyumba ile imejaa amri kama kambi ya askari. Santa aliwajibu, "Ndiyo, na afande ni mimi."

Mwezi wa saba Santa alishikwa na homa, na haikumwachia. Tulimzika Mbale, kwa mumewe, nyuma ya mibuni ya kahawa.

Hawakujaliwa mtoto. Walichokuwa nacho ni kwaya. Walikuwa wanne tu wanaoimba pamoja: Racheal sauti ya kwanza, Santa sauti ya pili, Semei ya tatu, na Gaster, aliyekuwa askari mwenzake Semei, sauti ya nne. Watu walipowaomba warekodi kanda, Santa alikataa siku zote. "Sauti yangu nimempa Mungu," alisema. "Kanda itaipata wapi?" Kwa hiyo alipokufa hakuacha hata neno moja mahali popote.

Katika parokia yao kuna desturi. Mwimbaji akifa, kiti chake hakikaliwi. Kinawekwa pale pale kwenye mstari wa kwaya, na juu yake kitambaa cheupe, mpaka siku ya kuondoa matanga. Na wimbo unaimbwa na pengo lake, hakuna anayeziba. Siku matanga yanapoondolewa, padri anakitoa kitambaa, na kiti kinapewa mtu mwingine. Ni desturi nzuri. Nilikuwa naipenda.

Mwezi wa kumi Semei aliniandikia nije. Nilifika na malewa, yale machipukizi ya mianzi ya kwetu, ya kumpikia, nikakuta chumba cha kulala kimegeuzwa studio. Alikuwa ametundika mablanketi ukutani kuzuia mwangwi, na mezani kulikuwa na kompyuta aliyoinunua kwa Mayur, kijana Mhindi ambaye familia yake ilirudi Jinja kudai nyumba yao waliyonyang'anywa walipofukuzwa nchini. Kitanda kilikuwa hakipo.

"Unalala wapi?" nikamuuliza.

"Hapa chini. Dada, nimeanza kuisahau sauti yake. Uso naukumbuka. Sauti inakwenda."

Alitaka kurekodi nyimbo zote walizoimba wanne, kabla na yeye hajasahau zilivyokwenda. Kilichobaki ni programu ya kurekodia. Tulikwenda pamoja dukani kwa Mayur, nyuma kidogo ya barabara kuu, naye akatuonyesha mbili.

"Afande, sikiliza," Mayur alisema. "Hii ya kwanza nyepesi. Kompyuta yako itaibeba bila kelele. Lakini ukifuta, imefuta. Ukirekodi juu ya sauti, ile ya chini imekwenda, hata ulie."

"Na hii nyingine?"

"Hii nzito. Itakwama kwama, itakuudhi. Lakini kila mwimbaji anapata mstari wake, na yenyewe haifuti kitu. Unakata sauti, unaona imetoka, kumbe imejificha tu. Siku yoyote ukiiita, inarudi."

Semei hakufikiri. "Nipe hiyo. Sitaki kitu kifutike tena nyumbani kwangu."

Mimi nikasema, "Mdogo wangu, chukua ile ya kwanza. Hata Mungu huwa anafuta."

Mayur alicheka. "Mama, Mungu ana kompyuta kubwa."

Tukacheka wote, hata Semei. Ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akicheka.

Mayur alikuja mwenyewe kuiweka. Alimweleza kwamba kompyuta ile ina masikio mawili, la kushoto na la kulia. Maikrofoni imechomekwa kushoto, na kulia hakuna kitu. Akamwonyesha alama nyekundu kando ya kila mstari. "Ukiiwasha hii," alisema, "mstari unasikiliza. Usipoiwasha, umelala."

Semei akaiandika mistari kwa majina: Racheal, Santa, Semei, Gaster. Sauti ya Racheal aliirekodi siku ya kwanza. Yake mwenyewe akaifuatisha. Mstari wa Santa aliuacha mtupu katikati yao, kama kiti. Na kila aliporekodi mtu, aliiwasha na alama nyekundu ya Santa, upande wa kulia usio na waya.

"Ya nini?" nikamuuliza.

"Heshima," alisema. "Kanisani kiti chake kinatusikiliza. Na hapa asikilize."

Sikuona ubaya. Nani angeona?

Basi, Jumamosi ile alikuja Gaster kuimba sauti ya nne. Aliimba amefumba macho, mkono sikioni. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa mbali, na mablanketi yaliimeza. Alipomaliza nikampa chai. Alisimama na kikombe mbele ya kioo cha kompyuta, akitazama ile michoro ambayo sauti huichora, vilima na mabonde.

"Afande," alisema. "Huu wa pili ulisema mtupu."

"Mtupu."

"Mbona umejaa?"

Semei alivaa hedifoni. Nilimwona akikaa chini taratibu, kama mtu anayeshushwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazivua, akanipa mimi.

Ilikuwa sauti ya pili. Mwanamke, peke yake, akiimba mahali pake sawasawa, akinyamaza panaponyamaziwa. Santa alikuwa na mwanya, na herufi fulani zilitoka na upepo mdogo. Upepo ulikuwapo. Na kabla ya ubeti wa mwisho alivuta pumzi.

Mtu tuliyemzika anavuta pumzi ya nini?

Gaster aliweka kikombe chini bila kumaliza chai. Hakurudi tena katika nyumba ile.

Mayur aliitwa. Alikagua waya, akatazama nyuma ya mashine. Kulia hapakuwa na kitu. Alisema labda ni redio, mawimbi hupotea wakati wa mvua. Lakini alikuwa anasema bila kututazama. Nikamwomba afute. Alifuta. Mstari ukawa mweupe. Alipogusa kitufe cha kupiga wimbo ili ahakikishe, ile michoro ikarudi, kilima kwa kilima.

"Nimeifuta, Mama," alinong'ona.

"Umeificha tu," Semei alisema. Alikuwa anatabasamu.

Nilirudi Mbale. Wazee walikuwa wamepanga matanga ya Santa yaondolewe Jumamosi moja kabla ya Krismasi. Nilimpelekea Semei ujumbe. Akajibu kwamba tungoje kidogo. Nikapeleka mwingine. Tungoje. Nilielewa anachoogopa. Matanga yakiondolewa, kiti kinapewa mtu mwingine. Siku yenyewe ilifika, padri akaja, ng'ombe akachinjwa, na mwenye msiba hakuonekana. Wazee walikasirika. Mmoja akaniambia, "Mkamate mdogo wako. Aliyekufa akizuiliwa mlangoni, atamwomba mtu aliye ndani amfungulie."

Jumatatu nikapanda gari la Jinja. Nilifika mchana, jua kali. Madirisha ya Semei yalikuwa yamefungwa. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya blanketi. Alikuwa amekonda mpaka kola ya shati ilikuwa inazunguka shingoni. Mezani, kando ya kompyuta, palikuwa na sahani mbili za ugali wa mtama. Mtama ni chakula cha kwao Santa. Semei hakuwahi kujua kuupika.

"Karibu, dada," alisema kwa sauti ya chini, kama kuna mtoto amelala. "Ameanza kuongea."

"Nani?"

Alinivisha hedifoni.

Kwanza kimya. Halafu nikasikia chumba. Si wimbo. Chumba, na mtu anayetembea ndani yake miguu mitupu. Kijiko kikagonga sufuria. Halafu sauti yake, Kiswahili chao cha nyumbani:

"Semei, kuja tukule. Chakula inapoa."

Machozi yalinitoka. Sikuogopa bado. Nilifikiri, maskini, labda kuna kanda ilikuwako mahali, na ameipata. Kisha sauti ikasimama. Miguu ikasimama. Ikasema, karibu zaidi:

"Nani huyo amekuja?"

Semei, aliyekuwa nyuma yangu, akajibu, "Ni dada."

Kijiko kikawekwa chini.

"Mwambie akae."

Nilizitupa hedifoni. Nikaushika waya wa umeme nikauvuta ukutani, mpaka soketi ikatoka na plasta. Kioo kikazimika. Nikapiga magoti pale pale nikasali, maneno hayapangiki. Semei hakunigombeza. Alinisubiri nimalize.

"Dada," alisema kwa upole. "Umezima kompyuta tu."

Nikamshika mikono. Nikamwambia, yule unayemtaka yuko kwa Mungu. Nikamwambia, huyu anayekuita kula hajawahi kukuombea. Santa angekuombea kwanza. Alilia. Alilia kama alivyolia akiwa mtoto, uso kwenye bega langu, na nikajua amenisikia. Akakubali twende Mbale, tumalize matanga.

"Asubuhi," alisema. "Acha nipange nguo zangu. Na nimuage."

"Muage kanisani."

"Sawa, dada."

Sikuweza kulala katika nyumba ile. Nilikwenda kwa Gaster, mkewe akanitandikia. Asubuhi na mapema mimi na Gaster tulirudi. Begi lilikuwa mlangoni, limefungwa, kofia yake ya bendi juu yake. Tulimwita. Tukaingia.

Alikuwa kwenye kiti, mikono magotini, ametulia. Hedifoni masikioni. Daktari alisema ni moyo, na mimi nimelikubali neno la daktari. Lakini waya wa umeme ulikuwa sakafuni pale nilipoutupa. Plasta ilikuwa bado imetapakaa juu yake, haijaguswa.

Na sahani zote mbili zilikuwa tupu.

Tulimzika kando ya Santa. Matanga yao yaliondolewa siku moja. Kanisani Jinja palikuwa na viti viwili vyenye vitambaa vyeupe, na padri alinipa mimi nivitoe, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuvitoa. Nilivikunja. Wasichana wawili wakakaa. Kwaya ikaimba bila pengo. Nikasema moyoni, yamekwisha.

Baada ya Pasaka Mayur alinitumia ujumbe. Nilikuwa nimemwachia kompyuta auze, fedha ziende parokia, na alikuwa ameiwasha kuisafisha. Nilimkuta dukani amefunga nusu ya mlango. Mama yake, Lataben, alikuwa amekaa kando akisali kwa imani yao. Aliponiona alininyooshea mkono, akanishika tu.

"Mama Norah," Mayur alisema, "sikutaka kukuonyesha. Lakini si haki nikae nayo peke yangu."

Mistari ya Racheal na Gaster ilikuwa imetoweka. Ilibaki miwili, Santa na Semei, imejaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mayur alisema hakuna wimbo anaoutambua. Akaniuliza kama nataka kusikiliza. Nikakataa. Nilitazama tu vilima vile vikipanda pamoja na kushuka pamoja, na mahali pamoja, kabla ya mwisho, vyote viwili vikaacha nafasi ndogo. Nafasi ya pumzi.

Halafu nikaona chini.

Palikuwa na mstari wa tatu. Mweupe. Alama yake nyekundu ilikuwa inawaka, na kando yake pameandikwa jina. Racheal hakuwahi kuniita hivyo, wala Gaster. Santa aliniita wifi. Ni mtu mmoja tu duniani aliyekuwa ananiita jina lile.

DADA.

"Si mimi niliyeandika," Mayur alinong'ona. "Naapa kwa mama yangu huyu. Nifute?"

"Utafuta namna gani," nikasema, "na wewe ulituambia haifuti?"

Mashine sijui aliipeleka wapi. Sikumwuliza. Sasa nakaa Mbale peke yangu, nashona, na nyumbani hakuna tena wa kuongea naye Kiswahili. Nikipika nafunga redio. Watu wakinikaribisha kiti, nasimama kwanza kidogo.

Ee Bwana, mpokee Semei mtumishi wako, na Santa mke wake. Kama walipotea njia kutafutana, waonyeshe mlango ulio wako. Walichokuwa wakiimba hapa gizani, wakuimbie Wewe katika mwanga. Wape chakula kisichopoa. Wape kimya. Na siku yangu ikifika, Bwana, niite kwa sauti yako mwenyewe, isiwe sauti ya mtu ninayemjua. Amina.