Mlango wa Saa Saba

Fundi cherehani alifika zahanati saa saba mchana, mtoto mgongoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Kila siku saa hiyo ulifungwa. Akagonga.

Muuguzi akachungulia dirishani. Watu walimwita Bi Utaratibu, naye jina hilo alilipenda.

"Subiri saa nane, mama."

"Dada yangu, mtoto anachemka! Hanyonyi tangu asubuhi."

"Ndiyo utaratibu. Sikuuweka mimi."

Fundi akakaa kwenye benchi. Mtoto akapatwa na degedege. Fundi akapiga mlango kwa ngumi mpaka mkono ukavimba. Ulipofunguliwa, mtoto alikuwa ameshakufa.

Niseme wazi, maana inaniuma: homa iliua, na mlango ukaisaidia.

Baada ya matanga, fundi alirudi na mumewe.

"Maji yakimwagika hayazoleki, mama," mganga mkuu alimwambia kwa upole.

"Najua. Nauliza tu, nani aliamua mlango ufungwe?"

Mganga akapekua mafaili. Hakuna barua. Bi Utaratibu naye alisema aliukuta hivyo.

Mfagiaji mzee akaweka ufagio chini. "Wanangu, mimi nilikuwepo. Zamani bomba lilitoa maji saa saba tu. Tulifunga mlango, sote tukaenda kuteka kwa ndoo. Ilikusudiwa iwe kwa wiki mbili tu. Bomba likatengenezwa, lakini mlango ukaendelea kufungwa, saa ile ikawa ya kula. Wageni waliokuja kazini walituiga."

"Tangu lini?" fundi akauliza.

"Miaka kumi na moja."

"Na wewe bibi ulijua?"

Mfagiaji akainamisha kichwa. "Nilijua. Hakuna aliyeuliza, nami nikazoea. Mazoea yana taabu."

Bi Utaratibu akalia kwa sauti. Hakuna aliyembembeleza.

Wiki ile walibadilisha mambo. Sasa wanakula kwa zamu. Kila utaratibu umeandikwa pamoja na sababu yake, na kila mwaka wanakaa na wananchi kuuliza: sababu hii bado ipo? Ikiwa haipo, wanaufuta.

Mwezi uliofuata, mtoto wa jirani alishikwa na homa kali. Fundi akamsindikiza jirani huyo. Walifika saa saba. Bi Utaratibu mwenyewe alitoka mbio akampokea mtoto. Mtoto alichomwa sindano, na baadaye akapona.

"Ingia ndani, dada," jirani alimwita fundi.

Fundi alitikisa kichwa. Alikaa nje, kwenye lile benchi, mpaka saa nane.