Damu Iliyonyolewa Mara Mbili

Kinyoasukari kiliunguruma, kikameza mfuko wa damu, kikautema ukiwa na damu inayomfaa mtu yeyote. Kila seli nyekundu imevaa minyororo ya sukari iliyong'ang'ania protini na mafuta ya ganda lake, na sukari hizo ndizo zinazotangaza kundi la damu. Mashine ilizinyoa. Tangu Dakta Zamoyoni aiunde, mji mzima uliyasahau makundi. Hata dawa za kuyapimia hazikutengenezwa tena.

Ila Zamoyoni alikuwa na wasiwasi wake. Kwao mchele huoshwa mpaka maji yatakate, basi na damu akawa anainyoa mara mbili.

"Dada, mara moja inatosha," msaidizi wake Tabu alimwonya.

"Ya usafi niachie mie."

Treni ilipopinduka, kaka yake Shamte, aliyekuwamo, aliongezewa mifuko sita. Siku ya tatu macho yake yakawa manjano, damu ikapungua kupita siku ya ajali. Zamoyoni alizipima seli, akaliona kosa lake. Unyoaji wa pili ulikuwa umeondoa sukari ya nchani kabisa, ile inayoliambia ini kwamba seli bado ni changa. Ini liliziona zote vikongwe, likazila. Na mifuko yote ya ghala ilinyolewa hivyo hivyo.

"Mbona mnaninyima damu, Zamo?" Shamte alinong'ona. "Si ghala limejaa?"

"Limejaa, kaka. Yote nimeiharibu kwa mkono wangu."

Shamte akatabasamu kwa shida. "Wewe na kuosha kwako! Utotoni ulitulaza na njaa."

Zamoyoni hakuwa na muda wa kulia, wala wa kusubiri mashine inyoe damu mpya kutwa nzima. Ilibaki njia ya kizamani: tone la damu ya mtoaji, tone la majimaji ya damu ya mgonjwa, kipande cha kioo. Seli zikigandana, damu hazipatani. Ya kwake iligandana. Ya Tabu vilevile. Wauguzi, wapishi na jamaa za wagonjwa wakapanga foleni kando ya kitanda, naye akachoma vidole kimoja kimoja.

Tone la kumi na moja lilibaki laini.

"Tumepata! Tabu, tumepata!"

Tabu alikuwa anavuta shuka taratibu kumfunika Shamte uso.

Mpishi mwenye damu ile alikuwa bado amekunja mkono wa shati. "Dakta," aliuliza, "nikae wapi?"