Uso Uliokatwa

Askari hakuwa na uso. Koti la jeshi lilikuwepo kwenye turubai, bunduki ilikuwepo, mkono wa kuaga ulikuwepo. Juu ya kola palikuwa na tundu.

Inspekta Demyan Korzun alivua glavu. Baridi ya mji wa Sverdlovsk ilikuwa imeingia hadi ndani ya jumba la maonyesho.

"Tunafungua kesho," alisema mchoraji Loskutov. "Hii ni hujuma, Komredi Inspekta. Mtu atapigwa risasi."

"Huenda ukawa wewe. Jana nani aliiona picha?"

"Kamati. Walisema uso una huzuni, askari wetu haendi vitani amenuna. Leo nilitakiwa nimchoree tabasamu."

"Nani mwingine aliwasikia?"

"Wanawake wa kiwanda cha makoti. Walikuwa wanatundika mapazia."

Korzun alipitisha kidole ukingoni mwa tundu. Ulikuwa umekunjwa na kushonwa kwa uzi wa kijivu, ule wa makoti ya jeshi.

"Mhujumu gani huyu, anakata halafu anapiga pindo turubai lisichanike?"

Loskutov alitazama sakafu.

"Ulimchora nani hapa?"

"Tikhon Zuyev. Alikufa vitani, Rzhev."

"Ana mama?"

Loskutov alianza kufuta brashi iliyokuwa safi.

"Nimekuuliza."

"Anashona makoti."

Praskovya Zuyeva aliletwa na kastabini yake bado kidoleni.

"Mama, mkasi wako uko wapi?"

"Usinizungushe, mwanangu. Ni mimi."

"Adhabu yake unaijua?"

"Naijua. Nyumba yetu Smolensk iliungua na picha zote. Uso wake ulibaki hapo tu, nao wanataka kuufuta waweke mtu anayecheka. Tikhon hakucheka siku ile ya kuaga. Aliogopa, na akaenda hivyo hivyo."

"Na pindo?"

"Nyuma yake pichani wamesimama watoto wa wenzangu. Ningeacha wachanike na wao?"

Alifungua koti. Kipande kilikuwa kimeshonewa kwenye bitana. Korzun aliutazama uso ule, kisha akamfunga mama vifungo mwenyewe.

Alitoa kisu, akafumua pindo la turubai, uzi akautia mfukoni. Akaunyofoanyofoa ukingo mpaka ukawa kama umetafunwa.

"Gundi ya turubai inatengenezwa na nini?" aliuliza bila kugeuka.

Loskutov aliusogelea ukingo. "Ngozi na mifupa."

"Panya mwenye njaa anaila?"

Mchoraji alitazama mlango. Neno moja tu kwa kamati, na inspekta na mama wangekwisha wote wawili.

"Anaila sana," alisema mwishowe, akachukua kiraka. "Kesho askari atakuwa anacheka."

"Huyo acheke wapendavyo," alisema Praskovya. "Si wangu."