Mate ya Method

Siku hiyo Mhoja wa Migato alitembea kifua mbele kama dume lililoshinda maonyesho. Daktari alikuwa amempima damu, akampima mkojo wa saa ishirini na nne, dumu zima, na kwenye ultrasaundi akaona figo mbili safi. Moja ingekwenda kwa dada yake, Apolonia. Bila hiyo, asingevuka masika.

Bibi yao hakuridhika. "Mashine inaujua ukoo wetu? Twende kwa Mayige."

Mayige ni mfumu, mpiga ramli wa kuku. Unamtemea kifaranga mate mdomoni, kisha anampasua na kukusoma humo.

Asubuhi, salamu za mwangaluka zilipokwisha, Mhoja aliona haya. Mwanakwaya mzima! Mayige akinoa kisu, bibi akiomba amefumba macho, Mhoja akamsogezea kifaranga binamu yake Method, mtu wa mzaha hata msibani.

"Tema wewe badala yangu, binamu."

"Lete! Mate ninayo ya kugawia wilaya nzima."

Akatema.

Mayige alipasua. Akainamia kifaranga. Mgongoni upande wa kushoto, mahali pa figo, palikuwa patupu. Pasafi, kama sahani iliyorambwa.

"Mwenye mate haya," alinong'ona, "ameshatoa."

Mhoja alicheka. Method hakucheka.

Upasuaji ulifanyika hospitali kubwa, mbali. Figo ilimkubali Apolonia siku ileile. Alipokojoa, ukoo mzima ulishangilia kama goli la dakika ya mwisho.

Mwezi wa pili baada ya upasuaji, Mhoja alirudi kupimwa. Daktari alipitisha kipimo tumboni. Akakipitisha tena. Akafuta jeli, akapaka nyingine.

"Kovu unalo," alisema taratibu. "Na figo unazo mbili."

Mhoja alikwenda moja kwa moja kwa Method. Alimkuta kajilaza ubavu, hana utani hata wa dawa.

"Nimepimwa Bariadi," Method alinong'ona. "Ninayo moja. Wananiuliza nilipasuliwa wapi."

Akapandisha shati. Hakuna kovu. Ila kiunoni, kushoto, palikuwa pameota unyoya mmoja. Mdogo. Mweupe.

"Ung'oe."

"Tuuache, binamu."

"Unawasha, Mhoja. Vuta!"

Mhoja akavuta. Haukutoka.

Uani, Apolonia, aliyekuwa amewaletea michembe ya viazi, alipiga yowe akashika tumbo la chini.

Mhoja akaachia.

Yowe likakatika.

Alitazama vidole vyake. Vimelowa. Si damu.

Mate. Ya moto bado.