Joto la Chumba cha Manpreet

Habari za mchana, majirani. Karibuni, kaeni hapo kwa mkeka. Lakini sauti chini, tafadhali. Bwana yangu Nasur amepata usingizi sasa hivi tu, na usingizi wake haukai. Edinah, endelea na hicho kitambaa. Kikikauka kwa uso wake, lowesha tena. Afande Geresom, zima redio, baba yangu.

Leo nawaambia kwa nini naendaga Mbale kila wiki. Mmesema mengi, nimesikia. Eti Nulu ana mwanaume huko. Usicheke, Edinah, ni wewe ulianza.

Kazi ya Nasur mnaijua. Anatengeneza AC kwa manyumba, hapa Jinja mpaka Mbale. Jioni akirudi alikuwa ananifundisha. Alisema, "Nulu, watu wanafikiri AC inatengeneza baridi. Hapana. Inachukua joto la ndani, inalitupa nje. Joto haliishi. Linahama tu."

Hilo neno liwekeni kichwani.

Siku moja aliitwa Mbale, kwa mzee mmoja Mhindi wa kilemba, Mzee Inderjit. Mzee mwenyewe alikuwa ametoka. Mkwe wake, Seema, alitaka AC ya zamani itolewe, iwekwe mpya, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inakula umeme mchana na usiku. Nasur akaizima. Akaifungua kwa ukuta. Kabla hajapandisha mpya, mwili ukaanza kuwaka. Akaacha vyombo vyake pale pale, akarudi.

Nilimshika mkono hapo mlangoni. Nikauachia haraka.

Kama sufuria ya jikoni.

Kliniki walipima malaria, hakuna. Dripu, vidonge, hakuna. Sheikh wa Bugembe alikuja kumsomea, akatoka anafuta jasho, hajarudi mpaka leo. Na nyinyi ni mashahidi. Maji tunayommwagia, yakifika chini yanakuwa na moto, kama ya kuogea mtoto.

Kwa homa yake alikuwa anaita kitu kimoja tu. "Vyombo vyangu... vyombo vyangu..." Nikasema basi, niende nimletee, pengine roho yake itatulia.

Nilienda peke yangu. Kwa stendi sikuuliza mtu. Nilisimama mbele ya gari, nikasoma mwenyewe, M, B, A, L, E. Nyinyi mlisoma mkiwa watoto, hamjui utamu wake. Mimi nimejua juzi, kwa darasa la watu wazima hapa Walukuba, na nywele nyeupe kichwani. Tangu hapo nasoma kila kitu. Sabuni. Milango. Gunia la unga. Na nasoma kwa sauti, kwa sababu kusoma kimya bado sijaweza.

Kumbe hiyo ndiyo iliniponza.

Nilifika jua linazama. Mwamba wa Wanale ulikuwa mwekundu wote. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Mzee Inderjit mwenyewe alifungua geti, na taa ya betri mkononi.

"Wewe ni mke wa fundi?"

"Ndiyo, mzee."

Akaniangalia. Akashusha sauti.

"Bado yuko hai?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Vyombo viko chumbani, mwisho kabisa. Mimi siingii. Chukua, utoke. Usiongee kitu humo, mama. Hata salamu."

Akanipa taa.

Ukuta ulikuwa na tundu pale AC ilipokuwa. Mabomba mawili yananing'inia. AC mpya iko chini, ndani ya boksi, haijafunguliwa. Umeme hakuna. Mashine hakuna.

Lakini chumba kilikuwa baridi.

Pumzi yangu niliiona, nyeupe, kama moshi. Na harufu... ya dawa, ya shuka la mgonjwa aliyelala siku nyingi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri. Kitupu. Pembeni, jagi la maji.

Mkoba wa vyombo wa Nasur uko chini ya dirisha. Nikauinua. Nikageuka kutoka. Hapo taa ikapiga ukuta, nikaona picha ya mwanamke, imevishwa maua. Chini ya picha, maandishi.

Majirani, mdomo ulienda wenyewe.

"Ma... n... Man-pre... Manpreet."

Kitanda kikalia.

Kwiiii.

"Nani... ameniita?"

Nilitaka kukimbia. Nikakumbatia mkoba. Shuka likabonyea katikati, polepole, kama mtu anageuka upande. Halafu likaanza kulowa. Doa la jasho... likakua, likakua.

"Nasikia joto, dada," sauti ikasema. Ndogo, imekauka. "Walizima. Kwa nini walizima?"

"Hawakujua," nikasema. Sijui nani alinipa mdomo.

"Sasa linaenda kwa fundi. Limepata njia."

Hapo ndiyo nilielewa. Ndani baridi, nje moto. Mashine iliyotolewa kwa ukuta... bwana yangu ndiye amewekwa mahali pake.

Nikapiga magoti. "Dada, mwachie. Atakufa."

"Mimi nifanye nini? Naungua."

Haikuwa sauti mbaya, hiyo ndiyo inanisumbua. Ilikuwa ya mgonjwa. Nikavua leso yangu, nikaichovya kwa jagi. Nikanyoosha mkono pale juu ya mto, mahali hapana mtu.

Palikuwa na paji la uso.

Nikapangusa, kama napangusa mtoto. Nikakamua, nikapangusa tena, huku nalia. Simu ikalia. Ni wewe, Edinah. Unakumbuka ulisema nini? "Nulu, Nasur ameomba chai!"

Nilipotoka, mzee alikuwa amekaa kwa ngazi. Akaniambia kidogo tu. Mke wake alifia chumba hicho, kwa homa. Neno lake la mwisho, "Usizime." Na mzee hakuzima, miaka yote. Mkwe hakuambiwa.

AC mpya iliwekwa na fundi mwingine. Inapuliza vizuri sana. Nasur akaendelea kuwaka. Njia imeshajulikana.

Kwa hiyo naenda. Nikimpangusa yule, huyu anapoa. Nikichelewa, mnaona wenyewe, kama leo.

Lakini wiki iliyopita... nilipokuwa nakamua leso, shuka lilisogea. Alijisogeza ukutani.

Akaacha nafasi.

"Lala kidogo, dada. Umechoka."

Na kweli nimechoka, majirani. Tangu Nasur augue sijalala usiku mzima. Lile shuka lilikuwa baridi, safi. Nilipojiangalia, goti langu moja lilikuwa tayari kitandani. Sikumbuki kulipandisha.

Si mnaona hili goti? Hii alama ya kuungua sikuwa nayo.

Basi. Gari langu halingojei. Afande, jua likizama nipigie. Nisiposhika, piga tena. Piga mpaka nishike. Edinah, maji yako kwa mtungi, usimwache akauke.

Nitarudi. Nasema mbele yenu wote, nitarudi kwa bwana yangu. Nitabisha huu mlango.

Ila msifungue haraka. Niambieni kwanza nipitishe mkono kwa dirisha, muushike.

Ukiwa kama wa mtu, fungueni.

Ukiwa wa moto... msifungue. Hata nikilia. Hata nikimwita Nasur kwa jina.