Darasa Alimonyamazishwa Ayaa

Rafiki yangu Wamalwa, tunayesali naye kanisani Kyebando, aliniungamia haya bila kujitetea.

Wakati wa korona alifundisha wanafunzi wa chuo kwa kompyuta, nao wote walizima kamera, skrini ikawa giza tupu. Asubuhi moja kipaza sauti cha mwanafunzi mmoja, Ayaa, kilifunguka. Mlango ulivunjwa, mtu akapiga yowe, kisha kitu kizito kikatua juu ya nyama, pu, pu.

"Ayaa, zima hiyo filamu!"

"Sebo, mwalimu, si filamu," akasema Obita, mwanafunzi mwenzake. "Anaishi na shemeji mkali."

"Wewe ndiye wakili wake? Tusome!"

Wamalwa akabonyeza kitufe, akamnyamazisha Ayaa, akafundisha saa nzima. Mungu atusamehe, hata mimi ningefanya hivyo.

Jioni Obita alipiga simu akilia. Shemeji alikuwa amemuua Ayaa kwa nyundo, somo likiendelea.

Wamalwa akafungua rekodi ya somo aifute, kwa hofu ya kuulizwa. Ayaa alikuwa amenyamazishwa, lakini nyundo ilisikika gizani, ikapiga, ikapiga, ikakoma. Baada ya hapo, humo kwenye rekodi, kila Wamalwa alipouliza kama wameelewa, darasa lilikaa kimya. Ayaa peke yake alijibu, taratibu, mpaka dakika ya mwisho:

"Nimeelewa, mwalimu."